Kipande Kisicho na Droo

Nyumbani kwetu tuligawanywa tungali wadogo. Baba alikuwa na kabati lenye droo tatu, watoto tulikuwa watatu, na yeye, fundi saa, mtu wa kuamini kwamba kila jino lina pengo lake, akaona hiyo haiwezi kuwa bahati tu. Kaka yetu mkubwa akapewa droo ya sarafu. Mimi wa katikati nikapewa ya tokeni. Mdogo wetu wa kike, kitindamimba, akapewa ya medali. Kupewa kwenyewe hakukuwa kumiliki. Kulikuwa ni kutunza: kufuta droo vumbi, kupanga vipande juu ya vitambaa vyake, na kumjibu Baba akiuliza. Vipande vyenyewe ilikuwa marufuku kuvisugua. Ukisugua sarafu kuukuu mpaka ing'ae mbele ya Baba, ni kama umemmwagia chai ya moto mapajani.

Mimi niliona nimepunjwa. Sarafu zilikuwa na vichwa vya wakubwa, medali zilikuwa na riboni, na mimi nikaachiwa vipande vya bati: cha kuchukulia mkate, cha kuegeshea baiskeli, cha kukabidhiwa koti mlangoni, cha mfanyakazi wa zamu. Siku hizi ukimwambia mtu unatunza tokeni anadhani unazungumzia umeme. Nililia siku ile mpaka sauti ikakauka. Mama akasema, "Huyu mtoto ni kiberiti," na jina likaganda. Mpaka leo wateja wangu wananiita Kiberiti, na sina wa kumlaumu, maana nawaka kweli.

Sheria ya kabati ilikuwa moja. Kipande kipya hakiingii droo yoyote mpaka sisi watatu tukubaliane, tena kwa sababu, si kwa kura. Baba hakupenda kura. Alisema watu wawili wanaweza kukosea pamoja bila taabu yoyote. Basi tulibishana. Sarafu hutolewa na serikali na kila mtu hana budi kuipokea. Tokeni hutolewa na mtu au duka kwa kazi moja tu. Medali hainunui chochote. Ipo ili watu wasisahau. Ukisema hivyo inaonekana rahisi, lakini leta kipande chenyewe mezani, kimechakaa, hakisomeki, ndipo utajua hujui. Mama alikuwa akipitisha sahani za chakula juu ya vichwa vyetu na kusema kwamba angejua, angeolewa na muuza ndoo.

Mama alitutoka zamani kidogo. Baba akabaki peke yake katika nyumba ile ile, chumba cha mbele kikiwa karakana yake, yeye na saa zake za ukutani ambazo hakuna mbili zilizowahi kukubaliana. Hakulalamika. Tatizo likaja machoni. Daktari alisema ukungu uliomwingia hautatoka. Atakuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Akawa anatutambua kwa hatua zetu. Halafu siku moja mdogo wetu akamkuta ameketi kwa amani kabisa, birika likiungua jikoni bila tone la maji ndani, naye anasema, "Hiyo chai inachelewa leo."

Tukakutana. Sasa, kuna familia ambazo watoto hurushiana mzee kama kiazi cha moto. Kwetu ilikuwa kinyume: tulimgombania. Kaka ni karani wa benki, ana nyumba kubwa yenye ua, na wifi yetu alishapaka rangi chumba cha wageni kabla hata mtu hajaulizwa. Mdogo wetu anafundisha michezo shuleni, filimbi haimtoki shingoni, na wanawe ni wa kumchangamsha hata mgonjwa wa homa. Mimi nashona. Nilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la viatu, cherehani dirishani, na tangu binti yangu aolewe akaenda mbali, jioni zangu zilikuwa kimya mpaka nikawa naisemesha cherehani. Nasema kweli tupu: nilimtaka Baba, na nilimtaka kwa choyo. Sikutaka kugawana naye siku za wiki. Nilitaka nimsikie akikohoa chumba cha pili.

"Wewe una ngazi," Kaka akaniambia.

"Na wewe una mbwa."

"Mbwa hang'ati."

"Ngazi nazo hazing'ati."

Baba alisikiliza yote akitabasamu, akasema, "Tutaona."

Hapo ilitupasa kushtuka. Baba hajui kusema hapana. Tangu tumjue, jambo asilolitaka halikatai, hulirefusha. Mama aliwahi kumwambia auze baiskeli yake mbovu, akasema sawa, ngoja kwanza aikarabati ipate bei. Akaifungua yote, akapanga vipuri kwenye magazeti, na vikakaa hapo mpaka Mama mwenyewe akavizoea na kuanza kuvipanguza. Lakini sisi tulikuwa tumeshikia bango kushinda, hakuna aliyekumbuka baiskeli.

Jumamosi iliyofuata akatuita. Juu ya meza alikuwa ametandika kile kitambaa chake cha kazi, na katikati ya kitambaa kulikuwa na kipande kimoja cha duara, cha shaba ya njano, kipana kuliko kifuniko cha chupa.

"Droo zenu mtazibeba," akasema. "Kila mtu na yake, ni zenu tangu zamani. Kimebaki hiki. Hiki sijakipangia. Nyinyi mtakipangia, kwa sheria yetu. Kikiwa sarafu, kitakwenda na kaka yenu, na mimi nitakifuata. Kikiwa tokeni, nitakwenda na Kiberiti. Medali, kwa mwalimu."

"Baba!" mdogo wetu akasema. "Utahama kwa sababu ya kipande?"

"Nimewalea kwa vipande. Kuna ubaya gani nikazeeka kwa kipande?"

Kaka alikuwa ameshakichukua. Alikipeleka dirishani, akakigeuza, akapitisha ukucha ukingoni. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeona mshahara umeingia mapema.

"Ukingo una mikato," akasema. "Shikeni. Mikato midogo midogo, kuzunguka kote. Ukingo wa sarafu huo. Hukatwa hivyo ili mjanja akikwangua madini pembeni ajulikane. Nani atahangaika kukata ukingo wa medali?"

"Lete," mdogo wetu akasema, akakipokea kwa vidole viwili, pembeni, kama tulivyofundishwa. "Thamani iko wapi? Sarafu isiyosema ni ya kiasi gani? Halafu tazameni." Akakigeuza kama mtu anayefunua ukurasa. "Ndege huku, yuko wima. Geuza, kilima kule, kiko wima. Medali hiyo. Medali huning'inia kifuani, ikijigeuza picha lazima isimame sawa. Sarafu nyingi ukizigeuza hivyo, picha ya nyuma inakuwa kichwa chini."

"Nani kakwambia ni ndege?" Kaka akauliza. "Mimi naona jani."

"Ni ndege."

"Na hicho kilima ni kofia. Sasa wewe utajuaje kitu kiko wima na hujui hata ni kitu gani?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikakichukua mimi, na kicheko kikaisha, kwa sababu niliona mara moja kuwa ni changu. Katikati yake palikuwa na tundu lililozibwa kwa lehemu, na chini ya huyo ndege, au jani, palikuwa na mkwaruzo ambao kwa jicho lililolelewa droo ya tokeni ulikuwa namba saba iliyochakaa. Vipande vya zamu vilikuwa na namba, na vilitundikwa kwenye misumari getini. Tundu, namba, misumari. Nikawaeleza.

"Tundu la kutundikia huwa juu," mdogo wangu akasema, "halikai katikati. Hapo katikati ilipita pini, ya kubania nguoni."

"Na hiyo saba yako ni ufa," Kaka akasema.

Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Tulivuta siku ile mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyekubali. Baba akakifunika kipande kwa kitambaa, akasema, "Basi, Jumamosi ijayo." Sauti yake haikuwa na huzuni hata chembe.

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi tunakuja, na kila Jumamosi tunakuja na hoja mpya. Kaka alileta mizani ndogo, akatuthibitishia kwamba uzito wake unakaribiana na wa sarafu fulani ya zamani, mradi mtu asiwe mkali sana kuhusu neno kukaribiana. Mdogo wetu alikuja na medali zake za shule kwenye mfuko wa mipira, akazimwaga mezani kwa kelele, Baba akaziba masikio asizisikie zikigongana. Mimi nilizunguka kwa wauza vyuma chakavu nikitafuta kipande kinachofanana nacho. Wifi akawa anatuma mkate na karanga. Watoto wa mdogo wetu wakaanza kuja kumsikiliza mama yao mkubwa akipiga kelele. Nyumba ilijaa watu ikawa haina mahali pa kuweka kikombe. Baba alikaa kwenye kiti chake, kidevu juu, anageuza uso kumfuata anayesema, na kila moto ukipungua anatia kuni: "Lakini kaka yenu kasema jambo kuhusu ukingo, hilo hamjalijibu."

Katikati ya wiki mmoja wetu alikuwa akilala pale kwa zamu, kwa sababu ya birika, na kila aliyelala alitumia usiku mzima kumshawishi. Baba alimhakikishia kila mtu kwamba ana hoja nzuri sana.

Ningependa kusema nilikuwa nafurahi tu. Nilifurahi, ndiyo, muda mrefu sijapata kugombana na ndugu zangu kwa raha namna ile. Lakini kila nikirudi kwangu, nikipanda ngazi zile gizani na funguo mkononi, nilikuwa namwona Kaka akimshika Baba mkono kumwingiza kwenye gari lake. Nilijua nikishindwa nitakuwa mgeni wa kwenda kumsalimia. Nitapiga hodi, wifi atanikaribisha vizuri, nitapewa kiti.

Basi Jumamosi moja tukiwa kwenye ile namba saba, Kaka akisema ufa na mimi nikisema namba, nikaapa kwamba nitaimaliza. Baba alikuwa na lensi yake ya kazi, ile ya kubana jichoni. Nikainuka kwenda kuitafuta karakana.

"Iache," Baba akasema upesi. "Haipo. Niliipoteza."

"Nitaipata."

"Kiberiti, keti, chai inapoa."

Sikuketi. Karakana ilikuwa na mwanga mzuri wa asubuhi, dirisha pana linalotazama barabara, na juu ya meza ya kazi kulikuwa na kitambaa kingine kilichofunikwa juu ya jiliwa. Lensi ilikuwa kando yake, wala haikupotea. Nikakiinua kitambaa. Kwenye jiliwa lilikuwa limebanwa gurudumu la saa, la shaba ya njano, meno yake nusu yamesagwa kwa tupa na nusu bado makali. Chini yake unga wa shaba ulikuwa mpya, unang'aa. Kando kulikuwa na vipande vingine vilivyoharibika. Kimoja kilitoboka. Kingine kilikuwa na ndege aliyefanana na kiazi kilichoota.

Nikasimama pale nimeshika lensi, sina la kutazama nayo.

Kwanza nilitaka kucheka. Mikato ya ukingo wa sarafu ilikuwa meno ya gurudumu. Tundu la pini na la msumari lilikuwa tundu la ekseli. Karani wa benki, mwalimu wa michezo na mshonaji wameumia vichwa juu ya kitu kilichotoka tumboni mwa saa, na sisi ni watoto wa fundi saa. Halafu nikakasirika, kama kawaida yangu. Halafu nikamwona yeye, mtu asiyeona, ameketi hapa peke yake na tupa mkononi, anapapasa jino kwa jino kwa kidole gumba, anaharibu, anaanza tena. Hapo hasira ikanitoka yote. Baiskeli. Alikuwa ametandika vipuri kwenye magazeti. Hakutaka kwenda kwa yeyote kati yetu, na hakujua namna ya kutuambia.

Hayo niliyaelewa vizuri sana. Na bado, aibu sina, jambo lililofuata kichwani mwangu lilikuwa hili: nimeshinda. Maana sasa hakikuwa na utata wowote tena. Kipande kilichotolewa na mtu binafsi, kwa kazi moja, kikimwahidi mwenye kukipata kitu kimoja. Kichukue kwenye klabu yoyote ya wakusanyaji, kiweke mbele ya mzee yeyote mwenye lensi, atakwambia hiyo ni tokeni kabla hajaketi. Nilikuwa na Baba mkononi.

Nikarudi sebuleni.

"Baba, hiki umekitengeneza wewe."

Kaka aliacha kutafuna. Baba akageuza uso upande wangu.

"Nani kasema?"

"Jiliwa imesema."

Halafu mdogo wetu akaanza kucheka, taratibu, kisha kwa mabega, kisha filimbi ikamwingia mdomoni sijui vipi na kicheko kikatoka kwa mlio. Watoto wake wakadhani mchezo umeanza.

Kaka hakucheka. "Yaani wiki zote hizi," akasema, "mimi nimepima gurudumu la saa?"

"Ulipima vizuri," Baba akamwambia.

"Na ndege?"

"Ndege gani? Nilikusudia kuchora nyumba. Nyundo iliteleza."

"Na hiyo namba saba?"

"Iliteleza tena."

Kaka akavua miwani akajifuta uso. Nilimwona anataka kukasirika na hawezi. "Basi mambo yameisha," akasema. "Si sarafu, si tokeni, si medali. Ni mzaha. Hakiingii droo yoyote, na sisi tuzungumze kama watu wazima Baba akae wapi."

"Kinaingia," nikasema. "Sheria ni sheria. Nisikilizeni, halafu kila mtu aseme." Nikakiweka katikati ya meza. "Sarafu hutolewa na serikali. Baba si serikali. Hata enzi za Mama hakuwa serikali ya nyumba hii."

"Kweli," Baba akasema.

"Medali ni ya kukumbuka jambo na hailipi kitu. Hiki kinalipa. Mwenyewe alituambia hapa hapa, mwenye kukipata anapewa nini. Kimetolewa na mtu mmoja, kwa ahadi moja, na ahadi yenyewe ni yeye. Nioneshe tokeni iliyo tokeni kuliko hiyo."

Mdogo wangu alikichukua, akakitazama pande zote, akakirudisha. Alikuwa bado anajipangusa machozi ya kicheko, lakini macho yalibaki na maji. "Tokeni," akasema. "Dada kashinda."

Kaka alikawia. Alikigeuza mara nyingi, akapitisha ukucha kwenye yale meno aliyoyapenda sana. Kaka yangu ana kasoro zake lakini hajawahi kudanganya mezani. "Tokeni," akasema mwisho. "Wifi yako kapaka chumba rangi, utamwambia wewe."

Wote tukamgeukia Baba. Alikuwa anatabasamu. Ningekuwa sijatoka karakana muda ule, ningeamini lile tabasamu. Alipapasa mkono wa kiti chake, akapapasa tena, kana kwamba anatafuta kitu alichokiweka hapo.

"Haya," akasema. "Nilitoa neno langu. Nitafunga vitu vyangu, si vingi. Saa utazichagua wewe, zote hazitaenea." Akageuza kidevu upande wangu. "Hizo ngazi zako zina pa kushika?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, mengi ya kuudhi, na nimeyajibu yote papo hapo. Kwa hilo nilikitazama kwanza kile kipande mezani. Mzee alikuwa ameshindwa kwenye mchezo wake mwenyewe na tayari anajiandaa kulipa. Hakuuliza kama atapata mwanga, wala atakaa na nani mchana. Aliuliza pa kushika.

"Sikumaliza," nikasema.

"Hujamaliza nini tena?" Kaka akasema. "Umeshinda, mama, tulia."

"Tokeni ya mkate, Kaka, ilikuwa inafanyaje kazi? Si wewe uliyeshika droo yangu nilipougua surua? Sema."

"Unaipeleka kwa mwoka mikate, anakupa mkate."

"Unaipeleka. Miguu ni yako. Hakuna mwoka mikate aliyewahi kumfuata mteja nyumbani na tanuri mgongoni. Tokeni inalipwa pale ilipotolewa, mahali pengine ni bati tu." Nikapandisha sauti. "Hii imetolewa hapa. Mwenye nayo ni mimi. Kwa hiyo Baba haendi popote. Mimi nahamia hapa."

Sikuwa nimelipanga. Nilipotoka karakana nilikuwa nimepanga kushinda, basi. Lakini nilipolisema niliona lilivyo sawa, kama mshono unapokaa bila kuvuta mahali popote.

Kaka akaanza na wateja wangu. Nikamwambia wateja wangu wanapanda zile ngazi wakinilaani, watafurahi kukuta mlango wa chini. Akasema kuhusu kodi niliyokwishalipa, nikamwambia hayo ni ya benki, aniache. Mdogo wetu aliinuka akaenda karakana, tukamsikia akisogeza meza. "Cherehani inakaa hapa dirishani!" akapaza sauti. "Na jiliwa inabaki, nafasi ipo!"

Tabasamu lilikuwa limemtoka Baba, na bila lile tabasamu uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka muda mrefu na ameambiwa aketi.

"Una kelele sana, wewe," akaniambia.

"Najua."

"Na hiyo cherehani pia."

"Hiyo zaidi yangu."

"Haya," akasema. "Tutaona."

Tukashtuka wote watatu, hata aliye karakana. Akatusikia tulivyonyamaza, akaelewa, akainua mkono. "Hapana, hapana. Nimekosea. Njoo. Nasema njoo."

Nilihama wiki ile ile kabla mtu hajabadili mawazo. Mdogo wangu alibeba kichwa cha cherehani begani akipuliza filimbi watu wapishe njia. Kaka alikodi mkokoteni, akausimamia kama gari la benki, na wifi akaniletea mapazia ya kile chumba alichopaka rangi, maana alisema yeye hakasirishwi na ubishi wa bati. Jioni wote walipoondoka, nilimpikia Baba uji, nikajiosha mikono, nikaketi mbele yake. Nilikuwa na kipande mfukoni mwa aproni. Droo yangu ilinifundisha mambo machache na hili ni mojawapo: ukishapewa mkate, tokeni unaiacha kaunta. Nikaona si haki kukaa nacho.

"Baba, shika," nikasema, nikamwekea kiganjani. "Nimeshalipwa."

Alikitambua kwa kidole gumba mara moja, hata bila kukigeuza. Kisha akanitafuta mkono, akakirudisha, akanikunja vidole juu yake kimoja kimoja mpaka ngumi ikafunga, na mikono yake yote miwili ikabaki juu ya ngumi ile.

"Usinipe," akasema. "Ukinirudishia tutakuwa tumemalizana."

Nikamwambia sawa. Nilibaki nacho mkononi mpaka uji wake ukaisha.